Urithi katika Kivu: kabla ya kupanga upya mahakama za karibu, wajane na yatima waulizwe

Matanga yakiisha, maneno ya nyumba yanaanza. Katika Bukavu, Goma, Butembo, Uvira ao Baraka, hakuna mtaa usiojua jambo hili: baba wa nyumba amekufa, kaburi halijakauka, na tayari kuna ndugu wanaouliza funguo, makaratasi ya parseli na pesa za benki. Mama mjane anaambiwa arudi kwao. Watoto wanagawanywa kwa shangazi na baba wadogo. Mwaka unapopita, nyumba imekwisha kuuzwa.

Sheria ya kuzuia hayo iko, na ina miaka karibu makumi ine. Kinachokosekana ni mlango wa karibu ambao mjane anaweza kubisha na kusikilizwa. Kwa wakaaji wengi wa Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini, mahakama inayopaswa kusikiliza mambo ya urithi iko mbali, ni ya gharama, ao imefunga. Serikali imeahidi mara nyingi kupanga upya mahakama. Lakini nani ameuliza wale wanaosubiri kwenye mlango wake?

Sheria inagawa namna gani

Sheria ya familia, namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, ilirekebishwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Inapanga warithi kwa makundi.

Kundi la kwanza ni watoto wa marehemu: wale waliozaliwa ndani ya ndoa, wale wa nje ya ndoa ambao baba aliwatambua kisheria akiwa mzima, na wale aliowachukua kama watoto wake kwa sheria. Binti na kijana wako sawa. Kifunguamimba na kitindamimba wako sawa.

Kundi la pili lina sehemu tatu: mjane ao mume aliyebaki, baba na mama ya marehemu, na ndugu na dada za marehemu. Kundi la tatu ni baba wakubwa, baba wadogo, wajomba na mashangazi wa marehemu mwenyewe. Hao wanaingia tu kama makundi mawili ya kwanza hayana mtu.

Ugawaji unafuata hesabu iliyo wazi. Watoto wanapata sehemu tatu juu ya ine (3/4) ya urithi, na wanagawana sawasawa. Robo inayobaki ni ya kundi la pili. Kama sehemu zote tatu za kundi hilo zina watu, kila moja inapata moja juu ya kumi na mbili (1/12).

Tuchukue mfano. Bwana na bibi walioandikisha ndoa yao kwenye ofisi ya eta-sivili walinunua nyumba kisha kuoana. Nyumba ina bei ya dola 24.000. Bwana anakufa. Anaacha mke, watoto wane, wazazi wake na ndugu sita.

Kama walipoandikisha ndoa hawakuchagua utaratibu mwingine wa mali, sheria inahesabu kwamba walichopata pamoja ni cha wote wawili. Kwa hiyo nusu ya nyumba, dola 12.000, si urithi hata kidogo: ni mali ya mama tangu zamani. Urithi ni ile nusu ingine. Katika dola 12.000 hizo, watoto wana 9.000, ni kusema 2.250 kwa kila mtoto. Mama anaongezewa 1.000. Wazazi wa marehemu wana 1.000. Ndugu wote sita, wakihesabiwa pamoja, wana 1.000.

Kuna jambo lingine ambalo familia nyingi hazijui. Sheria inampa mjane haki ya kubaki kutumia nyumba waliyoishi na vyombo vyake, hata kama sehemu kubwa ya nyumba imekuwa mali ya watoto. Anapata pia nusu ya matumizi ya shamba linalopakana na nyumba, lile walilokuwa wakilima, na ya biashara iliyokuwa hapo. Kama nyumba inapangishwa, pesa ya kodi inagawanywa nusu kwa nusu kati yake na watoto. Na haki hizo hazikuwekwa kwa wanawake peke yao: mwanaume akifiwa na mke wake, hesabu ni ileile.

Kwa hiyo yule shemeji anayefika na kufuli mpya mkononi hana sheria nyuma yake. Ana tu uhakika kwamba hakuna atakayemwita mbele ya muamuzi.

Milango minne, na kila mmoja una bei

Kwenye karatasi, njia ya urithi ni rahisi kueleza. Mlango wa kwanza ni ofisi ya eta-sivili, kwenye komini ao kwenye usultani, pale kifo kinapoandikishwa. Bila acte de décès hakuna kinachoendelea.

Mlango wa pili ni familia yenyewe. Ndugu wanakaa, wanaandika mapatano yao, wanaonesha warithi ni nani na mali ni ipi. Kama marehemu hakuacha testamenti, sheria inamtaka mrithi mkubwa kwa umri awe likidateri, ni kusema yule anayehesabu mali, anayelipa madeni na kugawa kinachobaki. Akikataa, warithi wanachagua mwingine. Likidateri si mwenye mali. Ni mtumishi wa warithi, na anapaswa kuwatolea hesabu.

Mlango wa tatu ni mahakama, kwa kuthibitisha likidateri kama kuna ubishi, na kwa kukata neno kama warithi hawasikilizani. Mlango wa ine ni ofisi ya vyeti vya ardhi, pale ambapo cheti cha parseli kinaondolewa kwenye jina la marehemu na kuandikwa kwa majina ya warithi.

Katika maisha, kila mlango unaomba safari, picha, fotokopi, pesa ya halali, na mara nyingi pesa isiyo na risiti. Mjane wa Shabunda, wilaya kubwa kuliko zote za Kivu ya Kusini, ao wa kisiwa cha Idjwi, anahesabu kwanza bei ya pikipiki ao ya mtumbwi, usiku atakaolala kwa watu, siku ambazo hatalima wala kuuza. Anapolinganisha na kishamba anachotetea, wengi wanaacha. Hivyo mali ndogo ndiyo inayopotea haraka, na mwenye mali ndogo ndiye asiyeweza kuvumilia hasara hiyo.

Kuna pia wale wanaosimamishwa kwenye mlango wa kwanza. Ndoa ya kimila, hata kama mahari yalitolewa yote, sheria inaomba iandikishwe kwa eta-sivili katika mwezi unaofuata. Familia nyingi hazifanyi hivyo. Siku bwana anapokufa, mama aliyeishi naye miaka makumi mbili anaambiwa kwamba mbele ya sheria si mke. Watoto wake wanaweza kurithi kama baba yao aliwatambua. Yeye mwenyewe anabaki mikono mitupu, na malipo ya mjane kwenye Caisse nationale de sécurité sociale yanamponyoka pia.

Mahakama iliyoanza kupangwa upya tangu 1968

Nani alikuwa akikata maneno ya urithi zamani? Wazee wa ukoo, kisha mwami. Wabelgiji hawakuondoa utaratibu huo. Waliuweka chini ya mkono wao. Dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926 ilipanga mahakama za wenyeji, ambazo zilihukumu kwa desturi chini ya macho ya wakubwa wa kikoloni. Urithi, mahari, mashamba: hayo yote yalipelekwa huko.

Kisha uhuru, Serikali ilitaka sheria moja kwa wote. Mwaka wa 1968, ordonansi-sheria ya tarehe 10 Julai iliunda mahakama ya amani, ile wakaaji wa leo wanaiita Tripaix. Ilipaswa kuwa mahakama ya karibu, ikichukua nafasi ya zile za kimila. Lakini waamuzi walikuwa wachache, na majengo hayakuwepo. Ndiyo maana sheria ya tarehe 31 Machi 1982 iliruhusu mahakama za kimila ziendelee mahali popote ambapo mahakama ya amani ilikuwa haijafunguliwa. Kilichowekwa kama daraja la muda kikawa njia ya miaka mingi.

Sheria namba 13/011-B ya tarehe 11 Aprili 2013 ilirudilia ahadi ileile. Inasema kila mji na kila wilaya inapaswa kuwa na mahakama ya amani moja ao zaidi, na kwamba mambo ya familia, ya urithi na ya mashamba yanayoongozwa na desturi yanaanzia hapo. Inakubali pia kwamba pale desturi inapotumiwa, muamuzi akae pamoja na watu wa heshima wanaoijua desturi hiyo. Na Katiba, katika kifungu cha 153, inaweka mpaka: desturi inatumika kama haipingani na utaratibu wa nchi na mwenendo mwema.

Kwa hiyo tunaishi na vitu viwili. Kwenye vitabu, mahakama ya Serikali ndiyo ya kwanza. Kwenye vilima vya Kabare, Walungu, Kalehe, Masisi ao Lubero, mtu wa kwanza kuitwa ni mzee wa kijiji, kisha sultani. Hapo neno linakatwa kwa siku moja ao mbili, kwa lugha ambayo kila mtu anasikia, na watu wanaojua mpaka wa kila shamba. Ni faida kubwa, na hatuwezi kuidharau. Lakini katika desturi nyingi za kwetu, shamba linafuata mwana mwanaume. Binti anahesabiwa kuwa wa ukoo mwingine atakapoolewa, na mjane anahesabiwa kuwa mgeni. Mahakama iliyo karibu haimpi haki. Inayompa haki iko mbali.

Ardhi nayo inaongeza uzito. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya Serikali. Katika kifungu cha 389, iliahidi kwamba ordonansi ya Rais itapanga haki za wale wanaokaa kwenye ardhi ya kimila. Makumi ya miaka yalipita bila ordonansi hiyo kutoka. Shamba ambalo babu alipata kwa mwami kwa njia ya kalinzi, ile zawadi ya ng'ombe ambayo Bashi wanajua, halina cheti. Likidateri atagawa nini mbele ya ofisi ya ardhi, kama ofisi haina jina la marehemu kwenye kitabu chake?

Vita vimefunga milango iliyobaki

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23. Katikati ya Februari, ikawa zamu ya Bukavu. Mahakama za Serikali katika miji hiyo miwili ziliacha kufanya kazi, waamuzi na makarani wengi wakakimbia.

Watu hawakuacha kufa. Wamekufa kwa risasi, kwa bomu, kwa ugonjwa, kwa kukosa dawa njiani. Wengine walikufa mbali na kwao, katika makambi, na familia haina hata karatasi moja inayoonesha siku ya kifo. Wengine wametoweka tu, na sheria ina njia nyingine ndefu kwa mtu asiyejulikana kama ni mzima ao amekufa.

Kila familia ya namna hiyo inabeba urithi uliosimama. Parseli bado ina jina la marehemu. Anayekaa ndani anasema ni yake. Anayenunua leo kutoka kwa ndugu mmoja bila wengine kujua, ananunua kesi ya kesho. Siku mahakama zitakapofunguliwa kwa kawaida, zitakuta mlima wa kesi za urithi na za ardhi, na nyingi zitakuwa zimechanganyika na hasira za vita. Mwenye kujua historia ya Masisi, ya Kalehe ao ya Bonde la Ruzizi anajua shamba lisiloamuliwa linaweza kuzaa nini.

Ndiyo sababu kupanga upya mahakama za karibu si kazi ya kungojea amani ije kwanza. Ni sehemu ya kuijenga amani yenyewe.

Mashauriano yalifanyika, lakini wapi na pamoja na nani?

Haiwezekani kusema kwamba nchi haikuzungumuza juu ya mahakama zake. Mwaka wa 2015, mkutano mkubwa wa États généraux de la justice ulifanyika Kinshasa. Ulizaa siasa ya taifa ya kurekebisha haki kwa miaka 2017 hadi 2026. Novemba 2024, mkutano mwingine wa aina hiyo uliitwa tena Kinshasa na kufunguliwa na Rais wa Jamhuri. Kichwa chake kiliuliza kwa nini haki ya Kongo ni mgonjwa na dawa yake ni ipi.

Kwenye mikutano hiyo wanakaa waamuzi, mawakili, wabunge, wajuzi wa sheria, mashirika ya raia na wafadhili. Wanaongea Kifaransa. Wanaongea sana juu ya uhuru wa waamuzi, mishahara, rushwa, magereza. Hayo yote ni ya lazima. Lakini mama anayeuza ndizi Kadutu, aliyefukuzwa kwenye nyumba yake, hana kiti pale. Hata karani anayepokea makaratasi ya urithi kila asubuhi, na anayejua vizuri watu wanakwama wapi, mara chache anaulizwa.

Kila upande una sababu zake, na zinastahili kusikilizwa. Waamuzi wanaweza kujibu kwamba huwezi kufungua mahakama pale pasipo nyumba, usalama wala mshahara. Masultani wanaweza kujibu kwamba Katiba, katika kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya kimila na inawapa kazi ya kulinda umoja, na kwamba kuwaweka pembeni ni kuacha vijiji bila mpatanishi. Mawakili wanaweza kuogopa kwamba ukirahisisha mno, wenye nguvu watapitisha karatasi za uongo. Wajane na yatima, wao, wanaomba kitu kidogo: kujua kwa hakika ni mlango gani, ni pesa ngapi, ni siku ngapi.

Kuwauliza wahusika kunasaidia kujua kama mpango utafanya kazi. Ofisi iliyopangwa bila kumuuliza mjane itafunguliwa siku ya soko, wakati yeye hawezi kuja. Fomu itaandikwa kwa lugha asiyosoma. Ataombwa karatasi ambayo shemeji yake ndiye anayeishika.

Wengine walipita njia gani

Majirani wetu wameshindana na swali hilihili. Uganda, mwaka wa 2007, mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya sheria ya urithi vilivyobagua wanawake. Ilichukua miaka 15 mpaka Bunge litoe sheria mpya, mwaka wa 2022. Leo, mtu akifa bila testamenti, watoto wana asilimia 75 na mjane asilimia 20, na nyumba ya kuishi inalindwa kwa ajili ya mjane na watoto. Tanzania, familia nyingi zinaanzia kwenye mahakama ya mwanzo, ambayo inaweza kumteua msimamizi wa mirathi bila kupanda kwenye mahakama kubwa.

Hata nchi tajiri zinaonesha hatari ya kupanga upya kutoka juu. Uingereza iliondoa mambo ya urithi katika mahakama za kanisa mwaka wa 1858 na kuweka ofisi za Serikali katika miji mingi. Katika miaka hii ya karibu, kazi ya ofisi hizo ilikusanywa sehemu moja na kupitishwa kwenye intaneti. Familia zililalamika kwa kungoja muda mrefu na kwa kukosa mtu wa kuwajibu, mpaka kamati ya haki ya Bunge ikafungua uchunguzi mwishoni mwa 2023. Kama ilikuwa hivyo kwa nchi yenye umeme kila saa, sisi tuangalie mara mbili kabla ya kusema kwamba kompyuta ya Kinshasa itachukua nafasi ya karani wa Mwenga.

Na kwetu kuna somo pia. Mahakama zinazotembea zilifika Baraka mwaka wa 2011 na Kavumu mwaka wa 2017 kuhukumu uhalifu mkubwa wa ubakaji mbele ya wale walioumizwa. Watu walikuja, walisikia, walishuhudia. Kama mahakama inaweza kutembea kwa ajili ya uhalifu, inaweza kutembea kwa ajili ya nyumba ya yatima.

Mambo matano ya kuweka mezani

Wakati wa kupanga upya utakapofika, maswali haya hayapaswi kukosa jibu:

1. Umbali. Kila usultani na kila sekta ijue ni siku gani za mwaka muamuzi wa amani atafika na karani wake, na siku hizo zitangazwe makanisani, misikitini, sokoni na kwenye redio.

2. Bei. Orodha ya malipo ya urithi ibandikwe ukutani kwa Kiswahili na kwa lugha za mahali, pamoja na kuonesha kwamba maskini anaweza kuomba asamehewe gharama kwa attestation d'indigence.

3. Masultani. Wasifukuzwe, lakini wasiachwe peke yao. Mapatano ya kijiji yapelekwe mbele ya muamuzi ili aangalie kama binti na mjane hawakuibiwa.

4. Vifo vya vita. Ndugu waweze kuandikisha kifo kwa mashahidi, bila kuombwa karatasi ya hospitali ambayo haikuwepo.

5. Wahusika. Kabla ya kuamua, mahakama ikae na vikundi vya wajane, na wale wanaolea yatima, na viongozi wa mitaa, mahali wanapokaa, kwa lugha yao. Na kisha irudi kuwaeleza ni nini kilichochukuliwa katika maneno yao, ni nini kilichoachwa, na kwa nini.

Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Watu wa Kivu wamejaza mafomu mengi ya wageni na ya Serikali. Wanachoka kuulizwa bila kurudishiwa jibu.

Unachoweza kufanya tangu leo

Kungoja marekebisho hakumzuii mtu kulinda nyumba yake. Kama ndoa yenu ni ya kimila, nendeni muiandikishe kwa eta-sivili. Kama una mtoto wa nje, mtambue kisheria ukiwa mzima. Ukifa hutaweza tena. Andikisha vizazi vya watoto wote. Makaratasi ya parseli yatoleweni fotokopi, na mtu wa pili anayeaminika ajue yako wapi.

Testamenti si ya matajiri, wala haiiti kifo. Sheria inakubali iandikwe mbele ya notere ao ofisa wa eta-sivili. Inakubali pia karatasi uliyoandika yote kwa mkono wako mwenyewe, ukaweka tarehe na sahihi. Hata maneno ya mgonjwa aliye karibu kufa, mbele ya mashahidi wasiopungua wawili wenye umri wa utu uzima, yanaweza kuhesabiwa. Lakini testamenti haiwezi kunyima watoto fungu lao.

Na kama kifo kimekwisha kuingia nyumbani, mama, usitie sahihi kwenye karatasi yoyote ya matanga ambayo hukusomewa. Omba nakala. Omba jina la likidateri liandikwe, pamoja na orodha ya mali. Kama kuna anayekufukuza, tafuta ofisi ya ushauri wa bure ya mawakili ao shirika la kutetea haki karibu nawe, hata kama mahakama ya mji wako imefunga. Malalamiko yaliyoandikwa leo, yakiwa na tarehe na mashahidi, yatamkuta muamuzi siku atakaporudi kwenye kiti chake.